Barua kwa mwanangu: yule uliyemshika kwenye picha

Mwanangu Mwinyi,

Picha uliyotuma juzi nimeiona. Wageni wako wamependeza, na maji ya Paje yamekupwa hasa, bamvua hiyo. Nilipoikuza ndipo moyo ukanipasuka. Huyo uliyemweka kiganjani unamjua? Gamba jepesi, rangi ya maziwa lenye mabaka ya kahawia, mdomo mpana. Ni konokono wa baharini, wataalamu humwita Conus geographus. Ameshaua watu.

Mchana hujifukia mchangani, usiku ndipo huwinda. Utajiuliza, konokono anampataje samaki? Hutanua mdomo kama juya, na humwaga majini insulini. Naam, insulini, kama anayojidunga bibi yako kila asubuhi, ila ya huyu inafanana na ya samaki. Sukari yao hushuka ghafla, wakalegea, akawameza. Watafiti wa Utah, Marekani, walilieleza hilo mwaka 2015. Kisha huwachoma kwa jino lenye tundu kama sindano na ncha kama ya chusa.

Utaambiwa ukimshika upande wa nyuma hakudhuru. Uongo mtupu! Mkonga wake hujipinda ukafika hata huko. Wala usimtie mfukoni, jino lile hupenya nguo. Mwaka 1935, kisiwa cha Hayman, Australia, kijana wa miaka 27 alimshika kiganjani, kama wewe, akawa anamkwangua gamba kwa kisu. Alikufa siku hiyohiyo.

Simtukani, maana sumu ya nduguye, Conus magus, imezaa dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Lakini dawa ya kuizima sumu ya huyu wa pichani haipo. Akimchoma mgeni, usichanje wala usinyonye. Mlaze, mfunge bandeji ya kukaza kiasi, mkono usitikisike, mkimbize hospitali hata kama anasema haumii. Kinachoua ni misuli ya pumzi kulegea. Pumzi ikikata, mpulizie mdomoni, usiache mpaka mfike kwenye mashine ya kupumulia.

Mimi nimechokoa pweza mwambani tangu usichana wangu, na kila shimo nilitia mti kwanza, si mkono. Wewe umesoma, una vyeti vya utalii, unaokota tu!

Makombe matupu waonyeshe wageni upendavyo, ila chungulia ndani kwanza, huku limelala mchangani.

Sasa nijibu leo: huyo wa pichani ulimrudisha majini, au yumo kwenye ndoo pale barazani wanapochezea watoto?

Mama yako