Mhariri, Dunford mmemsahau vipi?

Mhariri, salaam.

Mimi ni msomaji wenu wa miaka, gazeti naanzia nyuma kwenye michezo kama wengi tunavyofanya, siasa zitanikuta nikishapata chai. Sasa juzi mwandishi wenu kaandika habari ya mashindano ya kuogelea, vizuri tu, halafu mwishoni akatupia kwamba Mkenya hajawahi kufika hata fainali ya kuogelea Olimpiki. Nikaisoma mara mbili nikidhani miwani ndo inanichezea. Hajawahi? Na Jason Dunford, muogeleaji wetu, je?

Nakumbuka vizuri sababu siku ile ya fainali yake, Olimpiki ya Beijing, nilikua kazini. 2008 nilikua mlinzi wa usiku kwenye hoteli moja huku Pwani, zamu inaisha saa kumi na mbili asubuhi, na baa ikishafungwa tivii ilikua inabaki mikononi mwetu manake meneja kalala na wageni wamelala. Beijing ilikua saa nne asubuhi na ushei, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi tarehe 16 Agosti. Tulikua watatu, mimi, mwenzangu wa geti la nyuma, na mzee mmoja mpishi mtu wa Lamu, baharia wa zamani, yeye alikua anaingia mapema kukanda unga wa mahamri na siku hiyo ule unga ulingoja.

Alhamisi iliyotangulia kwenye mchujo Dunford alikua ashatimua vumbi, kama majini kuna vumbi. Mita 100 za bataflai, yaani mtindo wa kipepeo, alizimaliza kwa sekunde 51.14, na hiyo ikawa rekodi ya Olimpiki, akaifuta ile 51.25 aliyoiweka Mmarekani Michael Phelps mwenyewe kule Athens 2004. Haikukaa sana, muda si muda Milorad Cavic wa Serbia akaingia majini akapiga 50.76, basi. Lakini hizo dakika chache rekodi ya Olimpiki ya kuogelea ilikua mali ya mtoto wa Nairobi, na mimi sijaona gazeti lolote likiikumbuka hata siku ya kumbukumbu yake.

Kwa asiyeujua huu mtindo, ni ule mikono yote miwili inatoka majini kwa pamoja inarushwa mbele, miguu imebanana inapiga kama mkia wa pomboo, na ukifika ukutani lazima uguse kwa mikono miwili sawia, ukigusa kwa mmoja unatolewa. Unachosha vibaya sana. Mimi nilijaribu usiku mmoja kwenye bwawa la hoteli (kosa hilo, najua, zamu ile ishapita) nikafika katikati nikawa nimekunywa maji ya dawa ya kutosha wiki. Baharini kwetu nilikua najiona samaki, kumbe.

Turudi alfajiri ile. Mzee wa watu kwanza aliwaangalia akauliza, "Mwanangu, hawa wanaogelea au wanazama?" Nikamwambia ndo mtindo wenyewe mzee, tulia. Mita 50 za kwanza Cavic anaongoza na Phelps akageuka wa saba, wa saba kati ya wanane, sisi tukasema leo kapatikana. Kurudi, Phelps akaanza kuwala mmoja mmoja. Kufika mwisho Cavic bado yuko mbele, akanyoosha mikono akaachia mwili uteleze mpaka ukutani, Phelps yeye akaona nafasi ingalipo akachomoa mkono mwingine, nusu ya ule wa kawaida, pa! 50.58 kwa 50.59. Mwenzangu wa geti alibisha mpaka kunakucha kwamba Cavic ndo kafika kwanza na macho kweli yalikua yanaona hivo, ila mzee akasema "Yule kashusha tanga mapema, chombo kikapungua mwendo," akarudi jikoni kwake. Serbia wenyewe walikata rufaa, wakaonyeshwa picha za kamera, ikaisha. Lile bao la ukutani la kupima muda halitaki kuguswa tu, linataka kusukumwa, na aliyelisukuma kwanza ni Phelps. Ikawa dhahabu yake ya saba pale Beijing, akafikia idadi ya muogeleaji Mark Spitz wa 1972.

Wote wanayakumbuka hayo. Ya nyuma yao hayakumbukwi, na huko ndo kulikua na sisi. Wa tatu alikua Andrew Lauterstein wa Australia 51.12, wa nne Ian Crocker wa Marekani 51.13, na huyu Crocker ndie alikua na rekodi ya dunia wakati huo, 50.40, katoka bila medali kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Wa tano Dunford, 51.47. Wa tano duniani Mhariri! Nyuma yake kuna Mjapani, kuna Serdinov wa Ukraine ambae naye alishawahi kuishika rekodi ya dunia, kuna Ryan Pini wa Papua New Guinea.

Sasa ichukue ile 51.14 yake ya Alhamisi uiweke kwenye fainali ya Jumamosi. Angekosa shaba kwa 0.02. Mimi hesabu hii nimeikaa nayo miaka. Halafu ikaja Rio 2016, Joseph Schooling wa Singapore akachukua dhahabu kwa 50.39, na nyuma yake watu watatu wakagusa ukuta pamoja, Phelps, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungary, fedha ikabidi wapewe wote watatu. Muda wao? 51.14. Ile ile. Niliruka kitini mke wangu akadhani nimeshinda beti. Najua kuna atakaeniambia 2008 walikua wanavaa zile nguo za kubana za kuteleza majini ambazo zilikuja kupigwa marufuku kuanzia 2010, kweli, sikatai, lakini wenzake nao walizivaa.

Na hakuishia hapo. 2010 kwenye Jumuiya ya Madola kule Delhi alichukua dhahabu mita 50 mtindo huohuo, Geoff Huegill wa Australia akiwa nyuma yake. Dhahabu, sio kushiriki. 2012 London ndie aliebeba bendera yetu siku ya ufunguzi, muogeleaji, mbele ya wakimbiaji wetu wote wale. Siku hizi anaimba, anarap Kiswahili, anajiita Samaki Mkuu, hata jina tu lingetosha kumkumbusha mwandishi wenu.

Wapo watakaosema ah, yule si mzungu tu. Hili nililisikia palepale hotelini asubuhi ile wafanyakazi wengine walipoingia zamu, mmoja akauliza Mkenya gani huyo. Kazaliwa Nairobi, kofia yake ina bendera ya Kenya, jina likitokea kwenye ubao linaandikwa KEN, sasa mnataka aoge na nini tena? Ila nakubali kuna jambo ndani yake. Bwawa la mita 50 la taifa liko Kasarani, Nairobi, sisi wa Pwani tumezungukwa na maji na mabwawa tunayoyajua ni ya hoteli, ya wageni, mtoto wa Likoni anayaona akienda kupeleka samaki jikoni. Hilo liandikieni ukurasa mzima, mimi nitanunua nakala mbili.

Siku ile ile jioni, saa kumi na moja na nusu kwetu, Usain Bolt akakimbia mita 100 kwa 9.69 na dunia nzima ikahama kwake, halafu zikaja dhahabu za wakimbiaji wetu kina Jelimo na Wanjiru, na wa tano wa kuogelea akafunikwa. Naelewa. Lakini kufunikwa ni kimoja na kuambiwa hukuwepo ni kingine, kwa hiyo naomba sahihisho, hata mistari miwili pale chini ya ratiba ya ligi, na mkiwa na nafasi tieni ile picha ya London akiwa na bendera.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa