Barua ya malalamiko: nodi iliyorejeshwa na oda zilizofufuka

Idara ya Mifumo ya Kompyuta,
Duka la Jumla la Vipuri vya Magari,
Barabara ya Kirinyaga,
NAIROBI.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kitengo cha Seva za Kukodisha,
NAIROBI.

Kwa Bwana/Bibi,

MINTARAFU: KUREJESHWA VIBAYA KWA NODI YA TATU NA KUKOSEKANA KWA NAKALA RUDUFU

Ninaandika kwa niaba ya duka letu, ambalo kwa miezi 11 sasa limekuwa likiwalipa ili mtutunzie klasta ya Cassandra, yaani hifadhidata inayoendeshwa na seva kadhaa kwa pamoja, yenye nodi (seva) 3, pamoja na huduma ambayo mkataba wenu unaiita "nakala rudufu za kila siku na urejeshaji". Siwalaumu kwa kuharibika kwa diski. Diski ya nodi ya tatu ilikufa Alhamisi usiku, na diski hufa. Ndiyo sababu tulikubali kulipia nodi 3, kila rekodi ikiwekwa kwenye zote. Usiku ule duka halikuhisi chochote, kwa kuwa programu yetu huendelea na kazi mradi nodi 2 kati ya 3 zinajibu. Malalamiko yangu yanahusu mliyoyafanya kuanzia Ijumaa asubuhi, wakati ambapo hapakuwa na dharura ya kumfanya mtu aharakishe.

Fundi wenu alichukua nakala ya mashine nzima ya nodi hiyo, iliyokuwa na umri wa siku 23, akaiwasha kwenye diski mpya, kisha akatuandikia kwamba nodi zote tatu zinaonyesha UN na kwamba shauri letu limefungwa. Adhuhuri akaendesha amri ya ukarabati ili nodi zilingane. Herufi hizo mbili, UN, zina maana kwamba nodi inapatikana na imekamilisha kujiunga na klasta, basi. Hazisemi lolote kuhusu usahihi wa data iliyomo, na sikutarajia kwamba ningelazimika kulieleza jambo hili kwa watu wanaolipwa kulijua.

Mnafahamu, au mlipaswa kufahamu, kwamba katika Cassandra rekodi ikifutwa haiondoki papo hapo. Huandikiwa alama ya ufutaji, ile ambayo mafundi huiita jiwe la kaburi, na alama hiyo hutunzwa kwa muda maalumu, ambao usipobadilishwa ni sekunde 864,000, yaani siku 10, kabla ya mfumo kuruhusiwa kuisafisha. Nodi inayorudi baada ya muda huo kupita huwakuta wenzake wamekwisha kusahau kwamba rekodi fulani ilifutwa, hali yenyewe bado inayo ikiwa nzima. Zinapolinganishwa, rekodi hiyo huonekana kama kitu ambacho wale wawili wamekikosa, na hunakiliwa kwao. Kwa hiyo nodi yenye data ya siku 23 haikuwa mgonjwa aliyepona, na amri ya ukarabati ya adhuhuri ndiyo iliyousambaza ugonjwa kwa nodi mbili ambazo hadi saa hiyo zilikuwa nzima.

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi tuliyaona matokeo kwa macho yetu. Mteja aliyetoka Thika alfajiri alitaka betri mbili za lori. Betri zilikuwa rafuni, nyuma ya mgongo wa muuzaji wetu, karatasi ya bei ikiwa bado imebandikwa juu, lakini kompyuta ilikataa kuziuza kwa madai kwamba zimeshikiliwa kwa ajili ya mteja mwingine. Mteja huyo mwingine alikuwa amekwisha kulipa kwa M-Pesa na kuchukua betri zake wiki mbili nyuma, na oda yake ikafutwa siku hiyo hiyo, kama programu yetu inavyofanya. Hadi saa sita mchana tulikuwa tumehesabu oda 214 za aina hiyo. Tulifunga kaunta ya jumla, tukatoa vitabu vya risiti vya karatasi, na vijana wa stoo wakashinda hadi Jumapili jioni wakihesabu vipuri kimoja kimoja na kulinganisha na risiti. Yule wa Thika alinunua duka la jirani. Simlaumu.

Liko pia jambo zito kuliko mauzo. Miongoni mwa rekodi zilizofufuka ni majina na nambari za simu za wateja walioomba tuwaondoe kwenye orodha yetu, na mmoja wao alipokea ujumbe wa matangazo Jumamosi hiyo hiyo, akatupigia simu kwa hasira iliyo halali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe katika mazingira iliyoyaeleza, na sisi ndio tunaojibu mbele yake.

Njia sahihi ilikuwa rahisi kuliko mliyoifuata. Nodi mbili nzima zilikuwa na data yote; mlichotakiwa kufanya ni kuwasha mashine tupu, kuiagiza ichukue nafasi ya nodi iliyokufa, na kuiacha ijaze diski yake kutoka kwa wenzake. Hapakuhitajika nakala rudufu hata kidogo.

Nakala rudufu ilihitajika Jumamosi, baada ya uharibifu kuenea, nilipoomba mturudishe katika hali ya Alhamisi. Hapo ndipo nilipojibiwa kwamba snapishoti zote, yaani nakala za hali ya data kwa wakati fulani, ambazo ndizo mlizoziita nakala rudufu, zilikuwa zimefutwa Ijumaa mchana, kwa sababu ukarabati ulikuwa unakaribia kujaza diski na fundi alihitaji nafasi. Yaani muda wote huu zilikuwa zikikaa kwenye diski zile zile za data inayotumika. Snapishoti ya Cassandra ni viungo tu vinavyoelekeza kwenye mafaili yaliyomo diski hiyo hiyo. Humkinga mtu na amri iliyokosewa, lakini diski ikifa nayo hufa. Isiponakiliwa kwenda kwenye hifadhi nyingine, haistahili kuuzwa kwa jina la nakala rudufu, nanyi mmeiuza kwa jina hilo mara 11.

Kwa upande wetu, nakiri kwamba katika miezi hiyo yote hatukuwahi kuwaomba mturejeshee data kwa majaribio. Tulisoma ripoti ya kila asubuhi iliyosema kazi imekamilika, tukaridhika. Kosa hilo ni letu na tumekwisha kulirekebisha, ila halipunguzi wajibu mliouandika katika mkataba kwa mkono wenu.

Tunadai, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, maelezo ya maandishi yanayoonyesha ni nani aliyeidhinisha matumizi ya ile nakala ya siku 23 na ni nani aliyeidhinisha kufutwa kwa snapishoti. Tunadai pia mturudishie ada ya nakala rudufu ya miezi yote 11, kwa kuwa huduma hiyo haikuwahi kutolewa, na mtulipe gharama ya siku mbili za kuhesabu stoo, ambayo hesabu yake nimeiambatisha. Kuanzia sasa snapishoti zipelekwe kila usiku katika hifadhi iliyo nje ya jengo lenye seva, na kila baada ya miezi 3 data irejeshwe kwenye klasta ya majaribio nikiwapo mimi au mwenzangu, tukichagua wenyewe oda za kukagua.

Hadi maelezo hayo yatakapofika, fundi wenu asiguse nodi yoyote ya klasta yetu bila idhini yangu ya maandishi. Funguo za kuingilia nimezibadilisha leo asubuhi.

Wako mwaminifu,

Msimamizi wa Mifumo ya Kompyuta