Kabla hujaondoka kwenda Lagos

Mwanangu Rehema,

Simu yako ya juzi imenikosesha usingizi. Kazi umepata, nashukuru Mungu. Linaloniuma ni hayo uliyoambiwa kuhusu Wanigeria: matapeli, wachawi, watu wa makelele. Unakwenda kuishi na watu ambao hujawahi kuwasikia wakijieleza wenyewe, ukiacha zile filamu tulizokuwa tukitazama pamoja sebuleni.

Kesho nampa kondakta wa basi kitabu cha mwandishi Mnigeria Chinua Achebe, The Trouble with Nigeria, cha mwaka 1983. Ni chembamba, jioni mbili utakimaliza. Humo Achebe anaisema nchi yake bila kumung'unya maneno: ukabila, rushwa, utovu wa nidhamu, na juu ya yote uongozi mbovu. Utasema, baba, si ndiyo hayohayo niliyotishiwa? Hapana, mama. Wanaokutisha wanasema "wale". Achebe anasema "sisi". Yeye ni Mwigbo, na ametenga sura nzima kuwasema Waigbo wenzake. Halafu sura ya mwisho anamsifu Aminu Kano, mwanasiasa Mwislamu wa kaskazini aliyewatetea wanyonge. Na kumbuka rafiki yake Achebe, mshairi Christopher Okigbo, aliuawa vitani mwaka 1967 akiipigania Biafra, eneo la Waigbo la mashariki lililojitenga na Nigeria, dhidi ya serikali ya shirikisho. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje, nikakaa kibarazani hadi giza likaingia.

Vita ile inatuhusu na sisi. Tanzania ndiyo iliyotangulia kuitambua Biafra, Aprili 1968, na babu yako alilisimulia jambo hilo kwa fahari mpaka uzeeni. Huko ukisema unatoka Tanzania, yupo atakayekukumbatia kwa ajili hiyo, na yupo atakayenuna. Kwa hiyo usimsome Achebe peke yake. Mtafute Wole Soyinka, Myoruba, aliyewekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani tangu 1967 hadi 1969 baada ya kujaribu kuizuia vita. Aliyoyaona gerezani ameyaandika katika kitabu chake, The Man Died. Kigumu kidogo, kisome taratibu.

Ila hawa ni waandishi wa rika la babu yako. Ukishazoeana na wenzako kazini, waulize vijana wa Lagos wanamsoma nani siku hizi, uniandikie majina. Na mimi nataka kusoma.

Baba yako,
Morogoro