Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho, Dodoma

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye meza yetu.

Hapa Dodoma mlio wa baruti si mgeni. Ukisikika upande wa mlimani, tunajua jiwe limepasuka na malori ya kokoto yatapita. Ndiyo maana mwalimu aliposema kuna baruti inayoimarisha msingi wa mchanga, tena chini ya bahari, tulicheka.

Tukajaribu. Baruti yetu ni nyundo ya mpira, Mkuu wa Shule asiwe na wasiwasi. Mchanga tuliouziwa ulituangusha: muuzaji aliapa ni msafi, kumbe nusu tope, na tope haliachii maji upesi. Tukachota mwingine korongoni, tukaujaza kwenye ndoo, tukaulowesha mpaka juu na kusimamisha kipande cha tofali. Nyundo ilipogonga ubavu wa ndoo, tofali lilizama kama limetumbukia kwenye uji, maji yakapanda. Tulipoyamwaga, mchanga ulikuwa umeshuka vidole viwili, na kijiti kilichokuwa kikipenya kwa urahisi kikagoma.

Baharini mambo ni hayo hayo, ila makubwa. Mchanga uliomwagwa majini hulala kilegelege. Hutobolewa mashimo, baruti hushushwa ndani ya tabaka na kulipuliwa. Shinikizo la maji kati ya chembe hupanda ghafla, chembe huachana, kisha hutua zikiwa zimebanana huku maji yakitoka. Anayepima mapema anaweza kudhani kazi imeharibika, maana nguvu huendelea kuongezeka kwa wiki kadhaa.

Jukwaa la mafuta la Molikpaq, katika Bahari ya Beaufort huko Kanada, lilikuwa ukuta wa chuma uliozunguka kiini cha mchanga. Aprili 1986 barafu ililitikisa hadi sehemu ya mchanga ikaanza kulainika. Lilipohamishiwa sehemu nyingine mwaka 1987, mchanga wa kiini chake ulishindiliwa kwa baruti.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba seti ya machekeche ya kupimia mchanga, tusiuziwe tope tena. Tunaomba pia basi la kwenda pwani. Wengi wetu maji mengi tuliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Mtera.

Ndoo iko mbele yako, nyundo iko pembeni. Tunakuomba ugonge wewe mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.