Barua kwa Mama Neema kuhusu bima ya Mama

Houston, Novemba 22, 2025

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi za upendo. Huku hatujambo sote. Shikamoo yangu mfikishie Mama, na pole na shughuli za kwa Baba Tumaini. Nitampigia mwenyewe Jumapili. Leo naandika kwa sababu ya zile picha za vijitabu viwili vya bima ulizonitumia, na lile neno kwamba wakala wa bima kakwambia mwisho wa kumwandikisha Mama ni Desemba 7.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayokukosesha usingizi bure. Oktoba 15 hadi Desemba 7 ni msimu wa watu ambao tayari wamo kwenye Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa waliofika miaka 65, na wanataka kubadilisha mpango. Mama hajaingia bado. Anatimiza miaka 65 Februari 2026, kwa hiyo ana miezi saba yake mwenyewe ya kujiandikisha: mitatu kabla ya Februari, Februari yenyewe, na mitatu baadaye. Yaani ilianza Novemba 1 na itafungwa Mei 31. Tarehe ya kuandika ukutani ni Januari 31. Akijiandikisha Sehemu B, ile ya Medicare inayolipa madaktari na matibabu bila kulazwa, kabla ya siku hiyo, bima inaanza Februari 1. Akichelewa hadi Machi, inaanza Aprili, na kama alikuwa hana kinga nyingine, hiyo miezi ya katikati yuko wazi. Kujiandikisha ni kwenye tovuti ya Social Security, idara ya serikali ya mafao ya uzeeni, au ofisini kwao. Wakala wa bima hahusiki hata kidogo na hatua hiyo. Kwa hiyo usisaini chochote wiki hii, tafadhali.

Sasa lile jambo lenyewe. Umesema, "zote mbili ni UnitedHealthcare, na kadi ya Mama ya kazini ni UnitedHealthcare, basi nachukua yenye bei ndogo, si ni kampuni moja?" Mama Neema, hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Juu ya vijitabu vyote viwili kuna jina la AARP. AARP haibebi bima. Ni chama cha watu waliofika miaka 50 na kuendelea. Kinaruhusu jina lake litumike na kulipwa kwa hilo. Anayebeba bima ni UnitedHealthcare, ambayo pamoja na Optum, upande wa huduma za afya, ziko chini ya UnitedHealth Group. Kijitabu cha kwanza, tazama vizuri, kimeandikwa Advantage. Cha pili kimeandikwa Supplement, ndiyo Medigap, bima ya kujazia pale Medicare inapoishia. Ni ndugu wa baba mmoja, lakini kila mmoja ana nyumba yake na masharti yake.

Ukichukua Advantage, serikali inaipa kampuni fedha za kumhudumia Mama, na kampuni ndiyo inayosema aende kwa daktari gani, alipe kiasi gani kila ziara, na kipimo gani kinahitaji kibali kabla hakijafanywa. Ile "$0 kwa mwezi" waliyoiandika kwa herufi kubwa haifuti ada ya Sehemu B. Hiyo ataendelea kuilipa serikalini: mwaka huu ni $185, na kuanzia Januari ni $202.90 kwa mwezi. Ukichukua Medigap, Medicare ya serikali inabaki kuwa mlipaji wa kwanza, kisha Medigap inalipa sehemu iliyobaki. Mama anakwenda kwa daktari yeyote Marekani nzima anayepokea Medicare. Ila Medigap ina ada yake ya kila mwezi, na dawa za kutumia nyumbani hazimo. Lazima umnunulie Sehemu D, bima ya dawa, peke yake.

Na kadi ya kazini? Hiyo ni nyumba ya tatu. Daktari wake wa sukari kuipokea leo hakumaanishi ataipokea Advantage ya kampuni hiyohiyo. Mikataba ya madaktari inasainiwa mpango kwa mpango. Ukipiga simu kliniki na kuuliza "mnapokea UnitedHealthcare?", karani atajibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli, na Mama bado atarudishwa mlangoni. Uliza hivi: fungua kijitabu, tafuta ile namba inayoanza na herufi H, tarakimu nne, kistari, kisha tarakimu tatu. Hiyo H na zile nne ni mkataba; zile tatu ni mpango wenyewe. Msomee karani jina lote la mpango pamoja na namba hiyo, mwambie ni ya mwaka 2026, umtaje daktari kwa jina. Rudia swali hilo kwa hospitali ambayo daktari huyo anafanyia kazi. Andika tarehe na jina la aliyekujibu. Hata zile nyota za ubora, moja hadi tano, hutolewa kwa mkataba, wala si kwa jina la kampuni. Ndiyo maana ndugu mmoja anaweza kuwa na nyota nne na nusu na mwenzake tatu.

Angalia pia kama hiyo Advantage ni aina ya HMO au PPO. HMO, nje ya madaktari wake hailipi isipokuwa dharura, na mara nyingi daktari bingwa unampata kwa barua ya daktari wa kawaida. PPO inalipa nje pia, ila kwa bei ya juu. Na kwa kuwa mko Texas, mtakutana na kliniki za WellMed. Hizo ziko chini ya Optum, kwa hiyo bima na kliniki vinaweza kuwa vya mlango mmoja. Hilo si baya lenyewe, mafaili ya mgonjwa husafiri kwa urahisi zaidi. Nataka tu ujue kabla, ili usidhani umepata ushauri wa watu wawili wasiohusiana.

Mwambie na wifi yako wa Virginia, maana nasikia ndiye anayekusukuma kwenye msalaba wa bluu. Blue Cross Blue Shield si kampuni moja. Ni jina linalotumiwa na kampuni nyingi zinazojitegemea, kila moja na jimbo lake. Kwake, sehemu kubwa ya Virginia, ni Anthem, ya Elevance Health. Kwenu Texas ni Health Care Service Corporation ya Chicago, na hao hao Machi 2025 walinunua biashara ya Medicare ya kampuni ya Cigna, ambayo sasa inaitwa HealthSpring. Kwa hiyo sifa alizozisikia kwake haziwezi kuvushwa hadi Dallas, na kijitabu cha HealthSpring kikikufikia, ujue ni jamaa wa msalaba wa bluu wa kwenu ingawa hakifanani nao hata rangi.

Upande wa Medigap mambo ni kinyume, na hapa ndipo penye nafuu. Medigap zimepangwa na sheria kwa herufi, kama G na N. G ya kampuni hii na G ya kampuni ile zinalipa mambo yaleyale. Tofauti ni bei tu, na jinsi bei inavyopanda. Utashangaa kukuta kampuni mzazi mmoja inauza G ileile kupitia kampuni watoto wawili watatu: Mutual of Omaha, kwa mfano, ina United World na Omaha Insurance Company; Aetna ina Accendo. Mara nyingi kampuni hufungua mtoto mpya kwa bei ya kuvutia, na wale wa zamani wanabaki kwenye kundi lisiloingiza watu wapya, wanazeeka pamoja, ada inapanda. Kwa hiyo usiulize bei ya leo pekee. Uliza: kundi hili limefunguliwa lini? Ada imepandishwa kwa asilimia ngapi kila mwaka, miaka mitatu iliyopita? Inapanda kwa kuwa umri unaongezeka, au wote hulipa sawa? Kuna punguzo kwa watu wawili nyumba moja? Wakala anayezijua kazi zake atakujibu bila kusitasita. Medigap ya AARP itakudai na uanachama wa AARP juu yake.

Hebu tupige hesabu moja uione. Chukua upasuaji wa siku moja kwenye kituo cha upasuaji, si hospitalini, ambao Medicare inaukubali kwa $10,000 chini ya Sehemu B. Mwaka 2026 Mama analipa $283 za kwanza mwenyewe. Zinabaki $9,717, na asilimia 20 yake ni $1,943.40. Jumla $2,226.40, kama ana Medicare tupu, na Medicare tupu haina ukomo wa malipo yake kwa mwaka; wa pili ukija, asilimia 20 nyingine. Akiwa na G analipa zile $283, basi. Akiwa na N, $283 na hadi $20 kwa baadhi ya ziara za daktari, na hadi $50 akienda dharura bila kulazwa. Akiwa na Advantage, analipa kilichoandikwa kwenye jedwali la mpango, mpaka afike ukomo, ambao kisheria kwa 2026 hauwezi kuzidi $9,250 kwa madaktari na hospitali zilizo ndani ya mpango. Huo ukomo ndio mstari wa kwanza wa kusoma kwenye kijitabu. Watu wanasoma meno na miwani kwanza. Meno ni ya kumalizia.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni hiki. Sehemu B ikianza Februari 1, Mama ana miezi sita, hadi mwisho wa Julai, ambamo hakuna kampuni ya Medigap inayoweza kumkataa wala kumwongezea bei kwa ajili ya sukari. Baada ya hapo, Texas, wanaruhusiwa kumwuliza maswali ya afya, na mtu wa sindano za insulini anaweza kukataliwa kabisa. Akianza na Advantage sasa hivi, akiwa ndiyo kwanza anaingia Medicare, ana miezi 12 ya kujaribu na haki ya kurudi kwenye Medigap. Ukipita mwaka huo, mlango unaweza kufungwa moja kwa moja. Kutoka Medigap kwenda Advantage ni rahisi kila Oktoba. Kurudi ndiyo shida. Ndiyo maana nasema usisaini kwa sababu ya $0.

Halafu safari za Mama za kwenda Moshi. Medicare yenyewe, isipokuwa hali chache sana, hailipi nje ya Marekani. Medigap G na N zinalipa dharura ng'ambo: asilimia 80 baada ya kutoa $250, kwa siku 60 za kwanza za safari, na jumla ya maisha yote isizidi $50,000. Akienda mwanzoni mwa Juni na kurudi Septemba, kuanzia mwisho wa Julai hana kitu, akatiwe bima ya safari ya muda huo. Hata ndani ya zile siku 60, mtalipa hospitali wenyewe kwanza kisha mdai. Risiti iwe na kila kipimo na bei yake, si jumla tu. Baadhi ya Advantage nazo hulipa dharura nje, lakini mipango mingi humwondoa mtu akikaa nje ya eneo lake zaidi ya miezi sita mfululizo. Kama Mama anafikiria kukaa nyumbani mwaka mzima, niambie mapema.

Dawa: ingia medicare.gov, weka zip kodi, andika kila dawa na kipimo chake kama kilivyo kwenye chupa, na maduka ya dawa mnayotumia. Inakubali hadi matano. Angalia gharama ya mwaka mzima, usiangalie ada ya mwezi peke yake. Kila aina ya insulini iliyo kwenye orodha ya mpango haizidi $35 kwa mwezi, na kwa dawa zote zilizo kwenye orodha ya mpango, 2026 hawezi kutoa zaidi ya $2,100. Hata kama dawa zake ni chache, asikose Sehemu D. Akikaa siku 63 au zaidi mfululizo bila kinga ya dawa baada ya muda wake kupita, faini inaongezwa kwenye ada kila mwezi na haiondoki.

Msaada wa bure upo. Texas wanauita HICAP, ni washauri wa mambo ya Medicare, hawauzi bima. Namba ya Medicare ni 1-800-633-4227, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Na yule wakala, kama alibisha hodi bila kualikwa, sheria haimruhusu.

Mzee wa Fort Worth naye, kama bado ana karatasi za ukimbizi bila grini kadi, asilale. Sheria ya Julai 4, 2025 imewafungia Medicare wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu.

Sasa nijibu haya, hata kwa sauti ya simu: ile nyumba ya wazee anakofanyia kazi Mama ina wafanyakazi wangapi? Wakiwa chini ya 20, Medicare ndiyo inayolipa kwanza, na bila Sehemu B bima ya kazini inaweza kukataa fungu kubwa la bili. Wakiwa 20 au zaidi anaweza kusubiri, na akiacha kazi anapata miezi minane ya kujiandikisha bila faini. Anakusudia kuacha kazi lini? Amefikisha miaka kumi ya makato ya kazi, ili Sehemu A, ile ya kulazwa hospitali, iwe bure? Daktari wake wa sukari anaitwa nani, na anafanyia hospitali gani? Insulini yake ni ipi, na vile vidonge vya presha vimebadilishwa? Kipato chake kwa mwezi ni kiasi gani, maana huenda akasaidiwa na jimbo hata ada ya Sehemu B? Na ile namba ya H kwenye kijitabu cha kwanza, picha yako imeikata. Nipigie picha tena upande wa chini wa jalada.

Nasubiri kabla ya Jumatano.

Wako akupendaye,
Mama Imani