Barakoa ziliwafundisha wanaosikia, mbona wamesahau?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu anayelalamika kwamba barakoa za wakati wa korona zilitufanya watu wakavu: tabasamu likapotea, mtu akapishana na jirani yake kama hamjui, na ukavu ule, anasema, haujatutoka hadi leo. Simbishii kwamba aliyahisi hayo. Ila ameandika kama mtu anayesikia. Mimi sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia linategemea kifaa cha usikivu. Ni homa ya uti wa mgongo, niliugua utotoni. Kwangu kipindi kile kilikuwa na sura mbili, na ya pili sijaona anayeiandika.

Ya kwanza ni mbaya, niimalize upesi. Mimi husoma midomo. Siisomi yote, hakuna awezaye: "baba", "mama" na "papa" mdomoni ni kitu kimoja, na mengi hujazwa kwa kukisia. Juni 2020, Shirika la Afya Duniani lilipobadili ushauri wake na kuzitaka serikali ziwahimize watu wa kawaida kuvaa barakoa penye maambukizi mengi, niliona nusu ya mazungumzo yangu ikifunikwa. Nayo barakoa haizibi mdomo tu. Hupunguza zile sauti nyembamba, za s, f, t na k, ambazo ndizo hulipambanua neno hili na lile. Kifaa changu kinakuza kinachokifikia; kilichokwama kwenye kitambaa hakiwezi kukirudisha. Halafu kamba za barakoa hupita nyuma ya sikio, palepale kinapokaa kifaa. Ukiivua kwa pupa, kifaa kinaruka. Changu nimewahi kukisaka chini ya viti vya basi, abiria wote wamenyanyua miguu kama walioambiwa kuna nyoka.

Sasa hiyo ya pili. Nilikuwa karani wa masjala, watu wanakuja dirishani kuulizia majalada yao. Kabla ya barakoa, nikisema "samahani, hebu rudia", mtu alinipigia kelele mpaka foleni nzima igeuke, au alinipa lile jibu ninalolichukia kuliko yote: "Basi, acha tu." Kazi ya kuhakikisha tumeelewana ilikuwa yangu peke yangu. Barakoa zikaja, na kioo cha plastiki kikawekwa kati yetu, na kila mtu akawa kiziwi kidogo. Kuomba mtu arudie hakukuwa aibu tena, maana hata yeye alikuwa haambulii kitu. Watu wakaanza kunielekea uso kwa uso. Namba ya jalada wakaionyesha kwa vidole, au wakaiandika kwenye karatasi na kuibandika kiooni. Hadithi ndefu za "mimi nilikuja juzi nikaambiwa nije leo" zikawa fupi. Kijana wa meza ya jirani, aliyezoea kunisemesha macho yakiwa kwenye kompyuta, akawa anagonga meza kwanza, nageuka, ndipo anasema. Hakuna aliyewapa semina. Yaliwafika wao wenyewe.

Nadhani wengi walikuwa hawajui kwamba nao husoma midomo. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Uingereza, Harry McGurk na John MacDonald, walieleza jambo la ajabu: mpe mtu sauti ya "ba" huku akitazama mdomo unaotamka "ga", na mara nyingi atakuambia amesikia "da". Hao ni watu wenye masikio mazima. Macho yanasikia pamoja na masikio, mwenyewe hana habari.

Kuhusu tabasamu, msomaji wenu ana hoja. Utafiti wa Claus-Christian Carbon wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka huohuo wa 2020, ulionyesha kwamba uso wenye barakoa husomwa vibaya. Hata aliyefurahi aliweza kuonekana kama hana hisia yoyote. Lakini mimi ninayeishi kwa kutazama nyuso niliwaona watu wakitafuta njia nyingine: nyusi zikafanya kazi, vichwa vikainama, viganja vikapunga. Wengine walifurahia maficho yao. Mwenzangu mmoja alinikiri kwamba ndani ya barakoa alikuwa akiwatukana wateja kimyakimya siku nzima. Mimi nilikuwa naimba.

Lililonitia hofu ni wema wa namna moja. Mtu akijua sisikii, anashusha barakoa hadi kidevuni na kunisogelea. Yaani ameivaa muda wote amenyamaza, na anaivua pale hasa anapoanza kurusha mate! Nikirudi nyuma hatua moja, ananuna. Haohao kwenye simu nao walishusha, sijui simu ilitaka kuwaona. Hata hivyo, madai kwamba barakoa ziliwafanya watu wazembe hadi kubanana siyakubali. Katika utafiti mkubwa uliofanyika vijijini Bangladesh mwaka 2020 na 2021, waliokuwa wakiachiana nafasi walikuwa asilimia 29 kwenye vijiji vilivyohamasishwa kuvaa barakoa, na asilimia 24 kwenye vile ambavyo havikuhamasishwa.

Barakoa zilipovuliwa, na yale mazoea mazuri yakavuliwa nayo. Kijana hagongi meza tena. "Acha tu" imerudi. Na mahali ambapo barakoa zingali zinavaliwa, tena kwa haki, yaani hospitalini, ndipo ninapoumia zaidi. Hivi karibuni, katika hospitali moja, muuguzi aliyefunika mdomo aliita majina huku macho yako kwenye karatasi. Langu likapita. Nilipomfuata akasema, "Nimekuita, hukuitika." Dirisha la dawa likawa vilevile: vidonge vitatu au vitano? Nikauliza. "Si nimeshakwambia?"

Simwombi muuguzi avue barakoa. Namwomba ainue uso anapoita, anyooshe mkono, na idadi ya vidonge aionyeshe kwa vidole au aiandike kwenye bahasha kwa tarakimu kubwa. Zipo pia barakoa zenye dirisha angavu mbele ya mdomo. Huingia ukungu, najua, lakini anayekaa mapokezi anaweza kuifuta. Hayo ya vidole na karatasi hayana gharama, na kila mtu alikwisha kuyafanya.

Msomaji wenu akitaka kunijibu, aandike kupitia gazeti hili. Simu sipokei.

Karani mstaafu wa masjala