Zai shoga, zile raba usilipe kwanza

Asalam aleykum shoga yangu, habari za Dar, watoto hawajambo, mama mgongo wake vipi? Huku Tanga, Sahare, wazima, joto tu ndo litatuua. Najua nimekaa kimya na utanisema sana, utanisema ukija, saa hizi nina haraka, nimeiona ile picha ya raba ulizotutafutia timu na nakuomba usilipe kwanza.

Nzuri sikatai, ile ya pinki nimeipenda mpaka basi, ila zile za kukimbilia mwaya. Mkimbiaji anakwenda mbele tu, ndo maana raba yake inajazwa sponji nene laini, kisigino kimenyanyuka. Sisi netiboli, na kiwanja chetu unakijua, sementi ina mchanga juu, mtu anachomoka anadaka mpira hewani, akitua ndo kasimama palepale maana ule mguu uliotangulia kutua akishauinua haruhusiwi kuurudisha chini kabla hajatoa mpira, anageuka kutafuta mwenzie na sekunde 3 za kushika mpira zinamuishia. Sasa geuka hivyo juu ya sponji refu uone, enka inalala pembeni. Ndo yaliyomkuta Mwanahamisi, mpaka leo anapanda ngazi kashika ukuta, halafu watu wanasema eti karogwa na wale wa Makorora! Uchawi gani, soli ile.

Kwa hiyo ukirudi sokoni Karume shika raba huku na huku uikamue kama nguo, ikijizungusha kirahisi rudisha. Tunataka soli ya chini, bapa, pana, kisigino ukikibinya kigumu. Za voliboli au basketi zinatufaa, hata za tenisi. Na usidanganyike na kung'aa, mtumba uliokaa stoo miaka, kuna sponji zinajifia zenyewe na unyevu, unavaa siku ya kwanza soli inabaki uwanjani vipandevipande, aibu.

Rama naye kaja na lake, anataka raba za Simbu, tangu jamaa achukue dhahabu ya marathoni Tokyo 2025 kwa kumpita Mjerumani palepale kwenye mstari basi hatusikii kingine. Nikamwambia Simbu kakimbia kilomita 42 za lami, we beki wa kiwanja cha vumbi! Mtafutie njumu, ila sio zile za meno marefu ya chuma, hizo za majani yenye tope, kwenye ardhi ngumu jino haliingii, mtoto anakuwa kasimama juu ya vichuma halafu usiku nyayo zinamuuma na mwenye kukanda ni mie. Chukua za vimeno vifupi vingi vya mpira. Namba 41, ila namba za mtumba haziaminiki, nitakutumia mguu wake niliouchora kwenye karatasi, nimemchora jioni kavaa soksi maana jioni mguu unavimba, mbele uache upana wa dole gumba.

Sasa niambie, ukichukua za timu nzima yule kaka anapunguza? Akikuta zimebana anabadilisha au ndo imekula kwetu? Mzigo utampa konda au shemeji anakuja? Na wewe mwenyewe unakuja lini, au ndo zile zenu za waja leo waondoka leo? Na lile la Tunu na yule kijana wa Bagamoyo limeishia wapi, maana mie nimesikia… aa, hilo nipigie. Ila la raba nijibu leo, wasichana wananiuliza kila saa.